Santuri au simu, valvu au transista? Jinsi ya kupanga muziki wako bila kuharibu kitu

Umerithi sahani za santuri za mzee. Umepata pleya ya mtumba, ukachomeka waya kwenye tundu la AUX la redio ya sebuleni, ukaweka sahani. Sauti inayotoka ni nyembamba kama ya mbu, besi hakuna, na hata ukifungua voliumu mpaka mwisho bado inasikika kwa mbali.

Fundi wa kwanza anakwambia pleya imekufa. Wa pili anakwambia ununue amplifaya ya valvu, maana eti ndiyo inayoendana na santuri.

Inawezekana wote wawili wamekosea. Pleya ni nzima na redio ni nzima, ila kuna kifaa kidogo cha katikati kimekosekana. Na kabla hujatoa pesa yoyote, kuna kitu kimoja cha kukagua haraka kuliko vyote: sindano. Amplifaya ikiungua unanunua nyingine. Sahani iliyochimbwa na sindano mbovu haitengenezeki.

KWA UFUPI

• Santuri hutoa signali ndogo sana. Kwa kawaida lazima ipite kwenye kifaa kinachoitwa fono kabla ya kuingia kwenye amplifaya, iwe ya valvu au ya transista.
• Simu, CD na kompyuta hutoa signali kubwa. Hazihitaji fono, na wakati mwingine huzidi mahitaji ya amplifaya ya zamani.
• Hakuna sheria kwamba santuri ni ya valvu na dijitali ni ya transista. Michanganyiko yote minne inafanya kazi.
• Valvu nyingi zina wati chache, kwa hiyo zinataka spika rahisi kusukuma.
• Kama una santuri, pesa ya kwanza iende kwenye sindano.

VYANZO HAVILINGANI NGUVU

Kabla ya kubishana kuhusu utamu wa sauti, tuangalie namba. Kwenye tundu la AUX, CD au LINE, amplifaya nyingi zinahitaji volti 0.2 hadi 0.5 hivi ili zifikie nguvu zake zote. Sasa linganisha na kile kinachotoka kwenye chanzo:

• Kichwa cha santuri aina ya MM (sumaku ndiyo inayocheza): milivolti 3 hadi 5
• Kichwa aina ya MC (koili ndiyo inayocheza): milivolti 0.2 hadi 0.5
• Kichwa cha kauri, kile cha pleya za mkoba na nyingi za bei rahisi: mamia ya milivolti
• Simu kupitia tundu la headphone: volti 0.5 hadi 1 hivi
• Pleya ya CD na DAC nyingi za mezani: volti 2

DAC ni kile kifaa kinachogeuza faili ya dijitali kuwa signali ya umeme inayoweza kwenda kwenye amplifaya. Simu yako ina kimoja ndani, au kipo kwenye ile adapta ndogo ya USB-C.

Piga hesabu. Volti 2 za CD ni mara 500 ya milivolti 4 za kichwa cha MM. Ndiyo maana santuri iliyochomekwa AUX inasikika kama iko chumba cha jirani.

FONO INAFANYA KAZI MBILI

Kazi ya kwanza ni kukuza. Kwa kichwa cha MM, fono huikuza signali takriban mara 100. Kwa MC huwa ni mara 1,000 hivi.

Kazi ya pili ndiyo watu wengi hawaijui. Wakati wa kuchonga sahani, besi hupunguzwa makusudi na sauti za juu huongezwa. Besi ikiachwa kama ilivyo, mfereji unayumba sana, unakula nafasi ya sahani na unaweza kuirusha sindano nje. Sauti za juu zisipoongezwa, zinamezwa na ile mikwaruzo ya sahani yenyewe.

Mwaka 1954 watengenezaji wa Marekani walikubaliana kipimo kimoja cha kufanya hivyo, kinachojulikana kama RIAA. Kwenye besi ya chini kabisa, ya hezi 20, punguzo linakaribia mara 10 ukilinganisha na sauti za kati. Kwenye hezi 20,000, ongezeko nalo ni karibu mara 10.

Fono hurudisha mambo mahali pake: besi inapandishwa, sauti za juu zinashushwa. Bila fono unasikia sahani jinsi ilivyochongwa, sio jinsi bendi ilivyopiga. Hapo ndipo ile sauti ya mbu inapotokea.

Kabla hujanunua fono, geuza pleya na amplifaya uangalie nyuma. Pleya nyingi za kisasa zina fono ndani pamoja na swichi ya PHONO/LINE. Ukiiweka LINE, unachomeka AUX na kazi imeisha. Amplifaya nyingi za zamani nazo zina tundu la PHONO, maana yake fono imo ndani. Ila usitumie zote mbili kwa pamoja. Ukipitisha fono juu ya fono, sauti itakoroga na besi itapiga spika vibaya.

VALVU NA TRANSISTA ZINATOFAUTIANA WAPI

Valvu ni ile chupa ya kioo inayowaka kama balbu ndogo. Ndani yake hakuna hewa. Kipande kimoja kinapashwa moto, kinatoa elektroni, nazo zinaruka kwenda kipande kingine chenye volti mamia kadhaa. Katikati kuna wavu unaopokea signali ndogo na kuongoza mkondo mkubwa. Kwa sababu valvu haiwezi kusukuma spika moja kwa moja, amplifaya nyingi za aina hii zina transfoma kubwa upande wa kutolea sauti. Ndiyo maana ni nzito kuibeba.

Transista hufanya kazi hiyohiyo ndani ya kipande kidogo kigumu, kwa volti ndogo, bila kupashwa moto kwanza na bila ile transfoma ya kutolea sauti. Inasukuma spika yenyewe.

Zikiwa ndani ya uwezo wao, amplifaya nzuri za aina zote mbili zinaweza kusikika karibu sana. Mwaka 1947 mhandisi D.T.N. Williamson alichapisha kwenye jarida la Uingereza, Wireless World, mchoro wa amplifaya ya valvu ya wati 15 iliyolenga uchafu wa sauti usiozidi asilimia 0.1. Mwaka huohuo transista ya kwanza ilifanya kazi kwenye maabara za Bell, Marekani. Kwa hiyo wahandisi wa valvu hawakuwa wanatafuta "joto" la sauti. Walitaka usafi.

Joto hilo linatoka wapi basi? Sehemu kubwa inatokana na mambo matatu:

1. Amplifaya nyingi za valvu, hasa zile zenye valvu moja ya nguvu kila upande, huongeza kidogo mwangwi wa sauti mara mbili ya ile ya asili. Kimuziki hiyo ni oktavu, na sikio huipokea kama unono.
2. Zikizidiwa nguvu, valvu hukata vilele vya sauti taratibu. Transista hukata ghafla, na unasikia ukali.
3. Valvu nyingi hazishiki koni ya spika kwa nguvu kama transista. Besi inakuwa laini zaidi, wakati mwingine legelege.

MICHANGANYIKO MINNE

1. Santuri na transista

Huu ndio wa kuanzia. Ni nafuu, mtulivu, hauna joto kali, na spea zinapatikana. Amplifaya nyingi za transista za miaka ya 1970 na 1980 zilikuja na fono ndani kwa sababu santuri ndiyo ilikuwa chanzo kikuu cha muziki wa nyumbani.

Udhaifu wake: unaonyesha makosa. Sindano ikiwa imelika au sahani ikiwa na vumbi, utasikia kila kitu. Lakini kwa anayetaka kujua hali halisi ya sahani zake, hilo ni jambo zuri.

2. Santuri na valvu

Inapendeza macho na inaweza kupendeza sikio. Ila kuna mtego. Signali ya santuri ni ndogo mno, kwa hiyo kelele yoyote ya mwanzo inakuzwa pamoja nayo. Kama fono nayo ni ya valvu, unaweza kusikia mchemko kama wa mvua ya mbali. Valvu nyingine huokota mtikisiko: ukigonga kabati, unasikia "ting" kwenye spika.

Njia salama ni fono ya transista iliyo tulivu, ikifuatiwa na amplifaya ya valvu. Pleya iwe mbali na transfoma ya amplifaya, vinginevyo kichwa kitaokota muungurumo.

3. Dijitali na transista

Huu una kelele ndogo kuliko yote na ni rahisi kutumia. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ina nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo na kubwa. Santuri nzuri huishia karibu 70. Kama unasikiliza taarabu ya okestra yenye fidla za chini zinazopanda polepole, au unataka besi ya nguvu kwenye sherehe, hapa ndipo pake.

Kosa la kawaida hapa ni faili mbovu. MP3 iliyokamuliwa sana haiponyeshwi na amplifaya ya bei kali.

4. Dijitali na valvu

Huu unapendwa na wanaotaka kulainisha ukali wa rekodi za siku hizi. Unafanya kazi, ila angalia nguvu ya signali. Amplifaya ya valvu ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya redio ya robo volti ikipewa volti 2 za CD, inafika mwisho wa uwezo wake kabla hujazungusha voliumu hata robo. Kurekebisha sauti ya chini usiku inakuwa shida.

Dawa yake ni rahisi: punguza sauti kwenye DAC au programu ya muziki, au weka kipunguza signali kwenye waya. Sio lazima ubadilishe amplifaya.

TATIZO LA IMPIDANSI

Impidansi ni ukinzani unaokutana na signali. Kanuni ya mafundi: upande unaopokea uwe na impidansi angalau mara 10 ya upande unaotoa.

CD na DAC nyingi hutoa kwa omu mia chache tu, kwa hiyo hazina shida. Tatizo hujitokeza unapotumia kitangulizi cha valvu, yaani sehemu ya voliumu na machaguo, ukakiunganisha na amplifaya ya nguvu ya transista.

Mfano: kitangulizi chenye kapasita ya maikrofaradi 0.47 kwenye njia ya kutokea. Kikiingia kwenye amplifaya ya omu 100,000, besi inashuka hadi hezi 3.4 kabla haijaanza kupotea. Kikiingia kwenye amplifaya ya omu 10,000, besi inaanza kupotea kwenye hezi 34. Kitangulizi hakijabadilika, ila mtu atasema valvu haina besi.

SPIKA NDIYO INAAMUA

Watu hununua amplifaya kwanza, kisha wanashangaa sauti imegoma. Angalia namba ya desibeli nyuma ya spika au kwenye kijitabu chake. Inaonyesha sauti inayopatikana kwa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1.

• Spika ya desibeli 95 ikipewa wati 5 inafika kama desibeli 102.
• Spika ya desibeli 87 inahitaji wati 32 hivi kufika hapohapo.

Sasa fikiria: amplifaya yenye valvu moja ya 300B kila upande hutoa wati 8 hivi. Yenye EL84 moja kila upande, wati 5 hivi. Yenye jozi ya EL34 kila upande, wati 30 na kidogo. Kama spika zako ni ndogo za kisasa za desibeli 85, wati 5 zitatosha kwa kusikiliza polepole tu.

Halafu kuna onyo ambalo halina msamaha. Amplifaya ya valvu usiiwashe bila spika. Muziki ukipita bila spika, volti ndani ya transfoma zinaweza kupanda mpaka ikaungua. Transista haijali kukosa spika, lakini inaogopa nyaya za spika zikigusana. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, kumbuka adui amebadilika.

UMEME WETU

Vifaa vingi vya mtumba vinatoka Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, volti 120. Tanzania ni volti 230 na Kenya 240. Ukichomeka moja kwa moja, umeunguza. Soma kibandiko cha nyuma kwanza, kisha tumia transfoma ya kushusha umeme.

Lakini transfoma haibadilishi hezi. Kwetu ni hezi 50, Marekani ni 60. Baadhi ya pleya za zamani zina mota inayofuata hezi za umeme. Pleya kama hiyo ya Marekani ikiletwa hapa inazunguka pungufu: badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika inafanya kama 27.8. Mwimbaji anakuwa mzito kama ana usingizi. Hapo dawa ni kubadili puli ya mota. Pleya za mota ya DC hazina tatizo hilo.

Valvu pia hula umeme hata kama hakuna anayesikiliza. EL34 moja inatumia karibu wati 9.5 kujipasha moto tu. Nne ni wati 38, na amplifaya nzima huweza kufika wati 150 au zaidi. Wati 150 kwa masaa 5 ni robo tatu ya uniti. Valvu za nguvu pia huchakaa baada ya masaa elfu chache na kubadilishwa.

Usifungue amplifaya ya valvu mwenyewe. Kapasita zake zinaweza kubaki na volti mamia hata baada ya kuchomoa plagi. Mwachie fundi anayejua kuzimaliza.

PESA IANZIE WAPI

Kama una santuri, fuata mpangilio huu:

1. Sindano. Ya almasi hudumu masaa 300 hadi 1,000 hivi, kulingana na umbo lake. Pleya ya mtumba haisemi imepiga masaa mangapi, kwa hiyo ichukulie imechakaa.
2. Uzito wa sindano. Vichwa vingi vya MM hutaka gramu 1.5 hadi 3. Pleya nyingine za bei rahisi hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi. Nunua mizani ndogo ya sindano.
3. Fono.
4. Spika.
5. Amplifaya. Ndiyo, ya mwisho.

Kama ni dijitali tu, anza na faili nzuri, kisha spika, kisha amplifaya.

Angalia pia aina ya sahani. Rekodi za Siti binti Saad za mwaka 1928, zilizofanyika Bombay, zilitoka kwenye sahani za mizunguko 78. Mfereji wake unataka sindano pana takriban mara 4 ya ile ya LP. Ukitumia ya LP, inazama chini ya mfereji na kuokota uchafu. Ukitumia ya 78 kwenye LP, unaiharibu LP. Sahani za 45 za miaka ya 1960 hadi 1980, zile ambazo wimbo mrefu wa rumba ulikatwa nusu kila upande, zinataka sindano ya kawaida.

Na kuna muziki ambao santuri sio chanzo chake cha asili. Nyimbo nyingi za bendi za Tanzania zilirekodiwa kwenye mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Leo unazipata kwa dijitali, na nakala nzuri iliyotolewa kwenye mkanda wa asili inaweza kuizidi sahani iliyochoka.

MASWALI YA HARAKA

Naweza kuchomeka simu kwenye tundu la PHONO? Hapana. Signali ni kubwa mno na besi itaongezwa bila sababu. Tumia AUX.

Bluetooth inaharibu faida ya valvu? Bluetooth hukamua muziki kabla haujafika kwenye amplifaya, na kilichopotea hakirudishwi na valvu. Kwa kusikiliza kawaida inatosha. Ukitaka zaidi, tumia waya.

Santuri inaunguruma, nifanyeje? Angalia ule waya mwembamba wa erti nyuma ya pleya. Ufunge kwenye skrubu ya erti ya fono au amplifaya. Mara nyingi muungurumo unaishia hapo.

Santuri mpya zote ni analogi? Hapana. Nyingi huchongwa kutoka faili za dijitali. Zinaweza kusikika vizuri sana, ila usizinunue ukidhani hazijawahi kupita kwenye kompyuta.

Kwa hiyo yule mwenye sahani za mzee asikimbilie valvu bado. Anunue sindano mpya, apime uzito, atafute fono ndogo, kisha achomeke kwenye redio ileile ya sebuleni. Sahani zikishapiga sawasawa bila kuumia, ubishi wa valvu na transista unaweza kusubiri mwisho wa mwezi.